Taya Langu, Ng'ombe Wao

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nusu ya darasa la pili hawakuja, na waliokuja wamelowa chepechepe. Ng'ombe wa Mzee Nyange amefungwa tena kwenye mlingoti wa goli, karibu na darasa langu.

Mwenye mali ni Mzee Nyange, lakini anayemlisha, anayemkosha na kumfunza mchezo ni kaka yangu Jaribu. Wamemwita Sijali. Kijiji chetu kizima cha Wingwi kinamngojea Januari, siku ya mchezo wa ng'ombe, na siku hiyo Jaribu ndiye atakayemchezea kitambaa mbele ya pembe, zumari likilia na wanawake wakiimba. Kazi nyingine ya kaka yangu siijui. Kwa kazi hiyo moja anasalimiwa njiani kama mbunge.

Nimemwambia amwondoe. Amenijibu kuwa majani ya skuli ni mazuri.

Jumanne, 12 Novemba

Ng'ombe yupo palepale. Nimemwambia tena Jaribu. Amecheka. "Weye, Mardhiya, umezaliwa na hasira."

Consolatha, mwalimu wa hesabu, amekwenda kumshitaki kwa mwalimu mkuu bila ya kuniuliza. Huyu ametoka Bukoba, miaka yote aliyokaa hapa bado anasalimia kwa kifupi, kama mtu anayetozwa kwa neno. Mambo ya ndugu yangu ningeyamaliza mwenyewe.

Ijumaa, 15 Novemba. Chake

Naandika kwa penseli, nimelala chali, wodini, hospitali ya Chake.

Ilikuwa juzi, saa ya mapumziko. Mvua imekatika, watoto wametoka mbio wote kwa pamoja, na kelele zao ndizo zilizomshitua. Fundo la kamba likaachia. Nilimwona Sijali anakuja, kamba inaburuta nyuma yake, na mbele yake watoto wangu wameganda kama waliopigwa picha. Nikakimbia katikati. Wawili niliwasukuma chini ya ukuta, wa tatu nikamshika ukosi. Nilipogeuka, kichwa cha ng'ombe kilikuwa chini ya kidevu changu.

Maumivu sikuyasikia mwanzo. Nilisikia mlio, kama mtu amevunja ukuni ndani ya kichwa. Kisha meno yangu ya chini yakawa hayako pahala pake. Nikiyakutanisha, upande mmoja unagusa na mwengine umeachana. Damu ikanijaa mdomo nikashindwa kuitema.

Hakuna mtoto aliyeumia. Hilo nalishukuru, na ndilo peke yake.

Leo alikuja Mzee Nyange na bakora yake, na Jaribu nyuma yake. Mzee hakuweza kunitazama sawasawa usoni. "Mwanangu," kasema, "gharama zote juu yangu. Ntamuuza Sijali." Jaribu akamshika mkono. "Mzee, hebu tuzungumze nje." Wakatoka. Akarudi Jaribu peke yake.

"Atauza baada ya mchezo," kasema. "Sasa hivi ni bei ya nyama tu. Akishacheza atakuwa na bei yake."

Sikuweza kusema. Nilimtazama tu. Ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, anazungumza bei ya ng'ombe na mimi natoka udenda wa damu kwenye kanga ya mama.

Jumamosi, 16 Novemba

Taya limevunjika mahali pawili, kidevuni na karibu na sikio. Hapa Chake hawawezi kulitengeneza. Lazima Unguja, na vyuma vya kuungia vinunuliwe.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeuza friji. Ndilo nililokuwa nikigandishia malai, zile barafu za watoto, ya kuuza skuli. Mnunuzi alikuja na gari lake kulichukua kabla Bi Duni, mama yangu, hajamaliza kuliondoshea vitu. Walimu wamechanga zilizobaki. Aliyepita na bahasha nyumba kwa nyumba ni Consolatha, mama kaniambia. Jaribu hajatoa kitu. Amesema yeye atanisindikiza Unguja, huo ndio mchango wake.

Jumatatu, 18 Novemba

Jaribu hatonisindikiza. Ana mazoezi na ng'ombe, na ng'ombe amekuwa mgumu tangu siku ile, maskini, amestuka. Hilo neno "maskini" alilisema mbele yangu.

Bi Duni hawezi safari. Consolatha kaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Kafika na begi dogo na mwavuli. "Twende, Mwalimu," kasema. Basi.

Jumatano, 20 Novemba. Unguja

Kesho. Daktari anaitwa Abdulsamad, kijana, vidole vyake virefu. Kanieleza kama ninavyomweleza mtoto hesabu ya kuazima, polepole, bila ya kunidharau. Kidevu atakipasulia kwa ndani ya mdomo, akiunge kwa kipande cha chuma na skrubu. Pale penye sikio hapapasui. Pataunga penyewe iwapo sitofungua kinywa, kwa hiyo atafunga meno ya juu na ya chini kwa waya mpaka mwaka mpya.

Nikamwandikia: *Nitasemaje?*

Kasoma, kanirudishia karatasi. "Kwa kuandika, Mwalimu. Bahati yako umesoma."

Bahati.

Jumamosi, 23 Novemba

Siku mbili sikuweza kuandika. Nilizinduka nikidhani nimezikwa. Nilitaka kufungua mdomo nivute pumzi na mdomo haufunguki. Nikajiparura usoni kwa kucha. Consolatha alinishika mikono yote miwili, akawa ananiambia, "Puani. Vuta puani. Hewa ipo. Puani." Alisema hivyo mpaka nikaamini.

Uso umevimba kama boga. Mdomo wa chini hauna hisia, mate yanatoka nami sijui. Naminyiwa maziwa kwa bomba la sindano, nyuma ya meno ya mwisho, kijitone kwa kijitone.

Jumapili, 24 Novemba

Njaa.

Jumanne, 26 Novemba

Tumerudi. Sitoisahau meli ile.

Daktari Abdulsamad alimpa Consolatha mkasi wa kukatia waya, akamwonesha kwa kidole waya zipi zikatwe kwanza. "Akitapika na mdomo umefungwa, atapaliwa," kasema. "Usingoje kuuliza mtu. Kata." Mkasi ukatiwa kamba, ukaning'inia shingoni mwangu kama filimbi ya refa.

Nje ya mkondo wa Nungwi bahari ikachafuka. Watu wakaanza kutapika mbele yangu, nyuma yangu, kwenye vifuko vya plastiki, na harufu ikanifikia. Tumbo likapanda. Nikakamata mkono wa Consolatha. Hakuniuliza kitu. Akauvua mkasi shingoni mwangu, akanivuta mdomo pembeni kwa kidole, akaweka ncha za mkasi kwenye waya ule wa mwanzo, akangoja hivyo hivyo, meli inapanda na kushuka. Uso wake ulikuwa mweupe. Yeye mwenyewe anaumwa na bahari, nilikuwa sijui. Alitapika juu ya mapaja yake mwenyewe bila ya kuuondoa mkasi kinywani mwangu wala kuacha kunitazama.

Mimi nikameza. Nikameza tena. Waya hazikukatwa.

Tulipoiona bandari ya Mkoani, akajifuta kwa ncha ya mtandio wangu. "Samahani, Mwalimu," kasema, "nimekuchafulia."

Na mimi miaka yote hii namhesabia maneno ya salamu.

Jumatatu, 2 Disemba

Mvua. Mtihani umekwisha bila ya mimi. Mama ananichujia mchuzi wa samaki kwa kitambaa. Nguo zimenipwaya.

Jumatano, 4 Disemba

Nimegundua kitu. Mtu akiwa hawezi kusema, watu hudhani hasikii pia. Jirani wawili wamekaa leo kwenye kitanda changu wakasema kuwa ningetulia darasani lisingenikuta. Kwamba nimejitia mbele. Kwamba ng'ombe yule hana tabia hiyo. Walimtetea ng'ombe mbele ya uso wangu, kisha wakaniombea dua, wakaondoka.

Ijumaa, 6 Disemba

Sheha, mkubwa wa serikali hapa kijijini, ameita watu kwake baada ya sala, wiki ijayo. Mwalimu mkuu amepeleka malalamiko, na sheha amesema kuwa nisiposamehe, ng'ombe hatochezwa. Jaribu kaja kuniambia. Kaja na maziwa na ndizi mbivu za kusagwa, mara ya kwanza tangu niumie.

"Utasema uliyonayo," kasema. "Utaandika, miye ntakusomea."

Ijumaa, 13 Disemba

Lazima niiandike yote, leo leo.

Baraza la sheha lilijaa. Mzee Nyange kakaa kitini, bakora magotini. Wanawake tulikuwa upande wa ukuta, mimi na mama mbele. Consolatha hakuwepo, alikuwa hajaitwa. Sheha kasema maneno mazuri kuhusu ujirani, kisha kanigeukia. "Bi Mardhiya, weye ndiwe uliyeumizwa. Neno ni lako. Umesamehe?"

Nilikuwa nimeshaandika nyumbani, kwa herufi kubwa, kama za ubaoni: *Sijasamehe. Niliomba ng'ombe aondolewe, sikusikilizwa. Auzwe, gharama zirudishwe, na asiingie tena ng'ombe kiwanja cha skuli.* Nikamkabidhi Jaribu.

Akasimama. Akaitazama karatasi. Niliyaona macho yake yanapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliisoma yote kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo.

"Anasema," kasema kaka yangu, "kuwa miye Mardhiya nimesamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Wala sidai kitu."

"Alhamdulillah," wakaitikia watu wote.

Nikainuka. Nikatikisa kichwa, nikapunga mikono, nikapiga kelele. Lakini kelele ya mtu aliyefungwa taya ni mvumo tu puani. Machozi yakanitoka kwa hasira. "Analia," akasema mmoja. "Moyo wake mwepesi, maskini." Mzee Nyange naye akafuta macho. Nikataka kuifuata ile karatasi, Jaribu akaikunja akaitia mfukoni, akanikumbatia mabegani mbele za watu kama kaka mwema, akanitoa nje. Mkono wake ulikuwa mzito. Nilimpiga kifuani. Watu wakasema nimeshindwa kujizuia.

Njiani kaniambia, "Utanishukuru. Watu wasingekupenda."

Nilimwandikia mama nyumbani yale niliyoyaandika. Mama anasoma msahafu, herufi hizi hazijui. Nikamwonesha kwa mikono. Akaelewa nusu. "Mwanangu, ushasamehe mbele za watu. Nyamaza."

Kuna jambo gani jengine ninaloliweza.

Jumamosi, 14 Disemba

Nimekwenda kwa sheha na karatasi nyengine. Kaisoma, kaivua miwani. "Bi Mardhiya, mtu haombi kurejeshewa msamaha. Jana ulitoa kwa ajili ya Mungu. Leo umeshauriwa na nani?" Nikaandika: *Jaribu alisoma uongo.* Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. "Nduguyo kabisa?"

Mzee Nyange hasomi. Anayemsomea barua zake ni Jaribu.

Jioni kaja Consolatha na uji. Nikampa karatasi akaisoma, akasimama palepale, kijiko mkononi. "Nakwenda sasa hivi kwa Mzee Nyange," kasema. "Nitamwambia mimi."

Nikamshika gauni. Nikamwandikia: *Watasema mgeni kaja kututilia fitina. Nitasema mwenyewe.*

"Lini?"

*Kinywa kikifunguliwa.*

Kakaa chini. Akaanza kunitilia uji kwenye bomba.

Alhamisi, 19 Disemba

Jaribu kapita na Sijali mbele ya mlango wangu, kamkosha kwa tui la nazi ngozi ing'are. Kanipungia mkono.

Jumatano, 25 Disemba

Consolatha kenda kanisani Wete alfajiri, karudi mchana na supu ya kuku aliyoisaga mpaka ikapita kwenye mrija. Nimemwandikia heri ya Krismasi. Kacheka, kasema ndiyo salamu ndefu kabisa niliyowahi kumpa.

Jumatatu, 30 Disemba

Vuli imekatika. Jua kali. Usiku nazungumza na Jaribu kichwani. Namwambia kila kitu, na kila usiku naongeza.

Alhamisi, 2 Januari

Chake. Daktari wa meno kazikata waya, moja moja, akazivuta. Ufizi ulitoka damu. Kisha kasema, "Haya, fungua."

Kinywa hakikufunguka. Nilikiamrisha, kikakataa, kama mlango uliovimba kwa mvua. Kikaachia kidogo, upana wa kidole. Ni kawaida, kasema, misuli imelala. Nifanye mazoezi kila siku, nile vya laini kwa wiki nyingi bado. Kidevu hakina hisia, na pengine hakitorudi kuwa nayo.

Neno la kwanza nililosema ni "maji". Lilitoka kama la mlevi.

Jumamosi, 4 Januari

Nimekwenda mchezoni.

Mama alinizuia mlangoni. "Mardhiya, usiende kututia aibu." Nikamjibu kwa mdomo wangu, "Aibu nimeshatiwa, mama." Hakunizuia tena. Consolatha alikuwa ananingoja njiani. Hatukupanga.

Uwanja ulijaa watu, mpaka kutoka Shumba walikuja. Zumari linalia, wanawake wameshika duara wanapiga makofi na kuimba, na katikati Sijali kafungwa kamba ndefu, anapiga kwato. Jaribu kavaa fulana nyekundu, kitambaa begani. Niseme kweli: alikuwa mzuri kumtazama. Alimwita ng'ombe, akampita pembeni ya pembe kwa upana wa mkono, watu wakashangilia, na kwa kitambo kidogo hata mimi nikasahau. Hilo nalo limeniudhi.

Nikapita katikati ya wanawake mpaka kwenye kiti cha Mzee Nyange.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Uso ukamkunjuka. "Alhamdulillah, umefunguliwa."

"Miye sijasamehe."

Maneno yalitoka kwa shida, meno yamekaribiana. Mzee akainamisha sikio. "Wasemaje?"

Nikavuta pumzi puani. "Sijasamehe. Siku ile kwa sheha sikusamehe. Niliandika ng'ombe auzwe. Jaribu kasoma yake."

Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kuimba. Kimya kikaenda duara zima, zumari likanyamaza la mwisho. Mzee Nyange akasimama kwa bakora yake, akamwita Jaribu. Jaribu akaja, jasho linamtiririka, bado anatabasamu kwa watu. Kisha akaniona.

"Mwanamke huyu alisema nini siku ile?" kauliza Mzee.

"Mzee, watu wamekuja kutoka Shumba..."

"Sikukuuliza watu. Nakuuliza karatasi ilisema nini."

Jaribu akatazama chini. Kitambaa alikuwa anakizungusha mkononi, anakizungusha, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nilitaka kumuuza siku ile ile ya hospitali," kasema Mzee Nyange, kwa sauti ndogo, lakini watu walisikia. "Weye ukaniambia ningoje. Kisha ukaniambia dadako hataki kitu, hata nikienda kumtazama namsumbua. Nikakaa nyumbani kwangu nikimshukuru Mungu kwa moyo wa huyu mwanamke." Akanigeukia. "Ulikuwa ukila nini, mwanangu?"

"Maji ya samaki, Mzee."

Akanyoosha mkono. "Nipe kamba."

"Mzee, tumalize mzunguko huu tu."

"Nipe kamba yangu, Jaribu."

Akampa. Mchezo ukavunjika pale pale. Watu wa Shumba walianza kunung'unika, kijana mmoja akanitukana, akasema mwanamke mmoja na taya lake kawaharibia watu sikukuu. Consolatha akamwuliza jina lake na la babake, kwa ile sauti yake ya darasani, na kijana akajitia ndani ya umati.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilirudi nyumbani nikatapika uji wote, na kinywa kilifunguka vya kutosha.

Jumatano, 8 Januari

Sijali kachukuliwa na wachinjaji wa Wete. Mzee Nyange kaja mwenyewe na kifurushi cha pesa za matibabu, kakiweka mkekani, kaomba radhi mbele ya mama. Nimemsamehe. Yeye aliniuliza, nami nikajibu kwa kinywa changu. Msimu mzima nilikuwa namchukia mzee huyu kwa makosa ya mwengine.

Ijumaa, 10 Januari

Kisimani hawanisalimii. Mmoja kasema, nisikie, kuwa mwaka huu Wingwi haina ng'ombe kwa sababu yangu. Nimejaza ndoo zangu.

Jumatatu, 13 Januari

Skuli imefunguliwa. Kusoma majina ya watoto kumenichosha kuliko kulima. "S" inatoka na mluzi. Wamecheka, nami nikawaacha wacheke. Uwanjani hakuna ng'ombe.

Ijumaa, 17 Januari

Leo kaja Jaribu.

Tangu mchezo hakukanyaga hapa. Kapiga hodi, katoa salamu, tukaitikia. Kakonda. Wanaume hawamwiti tena barazani, kaniambia mama juzi, akitaka nimwonee huruma. Kakaa ukingoni mwa mkeka.

"Mardhiya, nimekuja."

"Nakuona."

"Ng'ombe yule nimemlea tangu ndama. Nilijua Mzee atamuuza. Nilidhani, weye utapona, taya linaunga, na ng'ombe akishakwenda ndo kenda." Akanitazama kidevu, penye kovu la siku ile. "Miye sina kitu kingine."

"Ulikuwa na dada."

Mama kakohoa. Jaribu kachezea ukingo wa mkeka. "Unisamehe basi."

Baraza zima lile, na makaratasi yote yale, hakuna siku aliyoniuliza. Nikamtazama vizuri. Nywele zimemtoka mvi pembeni. Nilitafuta ndani ya nafsi yangu kama nitapata hilo neno, sikulipata.

"Sijakusamehe," nikasema. "Na leo usiende kumwambia mtu vyengine."

"Siendi."

"Haya. Umekula?"

Nilikuwa nimepika pweza wa nazi, mchuzi wangu mimi, minofu ya mama, ambaye kwa umri wake wote meno yake anayo. Nikampakulia wali, nikamtilia pweza juu, nikamsukumia sahani. Akanawa, akasema bismillahi, akala.

Nikakaa upande wa pili na kikombe changu cha mchuzi, nikimtazama anavyotafuna.